Muziki Haumo Damuni

Kuna maneno mawili ambayo nimeyasikia tangu utoto wangu hapa Songwa, na kila ninapoyasikia roho hunichafuka. La kwanza husemwa na wageni, na siku hizi hata na sisi wenyewe tunapotaka kujisifu: kwamba sisi Waafrika muziki umo damuni mwetu, tumezaliwa nao, hatuhitaji kufundishwa. La pili husemwa na wazazi, walimu na wakubwa wa kazi: kwamba mpiga muziki ni mhuni, mtu aliyeshindwa shule, ambaye vidole vyake vina kazi kwa sababu kichwa chake hakina. Mtu anaweza kudhani maneno hayo yanapingana, kwa kuwa moja lasifu na jingine latukana. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanakubaliana kwamba mpiga muziki hafikiri. Mmoja anasema damu ndiyo inayopiga, mwingine anasema uhuni ndio unaopiga. Akili hawampi hata chembe.

Nimeandika kurasa hizi ili kuyapinga yote mawili, na nitayapinga kwa kuutumia muziki wa jazi. Nimeuchagua huo kwa sababu umesingiziwa kuliko mwingine wowote, kule Marekani ulikozaliwa na huku kwetu ulikokuja kupewa jina la bendi.

Msomaji ataniuliza: Songwa na jazi, wapi na wapi? Sisi ni wakulima na wafugaji wa wilaya ya Kishapu, majirani wa machimbo ya almasi ya Mwadui, na mtu wa mbali akilijua jina letu basi ni kwa ajili ya bwawa ambalo maji yake huenda mgodini. Hatuna ukumbi wa dansi wa kujivunia. Hayo ni kweli. Lakini neno jazi si geni katika nchi hii. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 1930. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Western Jazz ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ikajiita kwa jina la lile Jimbo la Magharibi la majirani zetu wa Tabora na Nzega. NUTA Jazz ilifuata mwaka 1964. Tabora kulikuwa na Tabora Jazz, Tanga kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mpunga majaruba ulipandwa na pamba ikachumwa huku bendi hizo zikisikika katika redio ya betri iliyoning'inizwa kwenye tawi la mti. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba naazima habari za watu.

Wajuzi watanipinga kwa njia nyingine. Watasema hizo hazikuwa bendi za jazi hata kidogo, bali za rumba ya Kuba na ya Kongo iliyovalishwa jina la Kimarekani. Kwa upande wa miondoko nakubali. Santuri za Kikuba ndizo zilizowafundisha wapigaji wetu wengi, na ndiyo maana Salum Abdallah kule Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Lakini jazi si miondoko peke yake. Jazi ni tendo. Ni kuijua njia ya wimbo, kisha kuiacha mbele ya masikio ya watu, kutembea porini bila ramani iliyoandikwa, na kurudi njiani salama pamoja na wenzako, nao wakiwa wanakusikiliza na kukujibu. Kwa kipimo hicho, mpiga solo wa bendi ya dansi anapoingia kwenye chemko, waimbaji wakinyamaza na magitaa yakibaki kusemezana, anafanya kazi ileile aliyoifanya mpiga tarumbeta wa New Orleans. Na kazi hiyo hufanyika kichwani kabla ya kufika vidoleni. Hiyo ndiyo hoja yangu, na sasa nitaithibitisha.

Nianze na masikio. Watu hudhani kusikia muziki ni kupokea, kama mtungi unavyopokea maji. La hasha! Hebu tuangalie akina mama wawili au watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Mchi wa huyu unapanda wakati wa yule unashuka, wala haigongani. Kama kila mmoja angengoja kusikia mchi wa mwenzake ndipo ashushe wa kwake, angechelewa kila mara, kwa sababu mkono huchukua muda tangu kuamriwa hadi kushuka. Haiwezekani kwenda pamoja kwa kungoja. Inawezekana tu kwa kukisia: ubongo unahesabu pigo lijalo litaangukia wapi, na unautuma mkono mapema. Hali kadhalika bugobogobo, ngoma yetu ya jembe. Walimaji wamejipanga mstari mmoja, mpiga ngoma yuko nao, na majembe yote yanaingia udongoni kwa pamoja. Hakuna jembe hapo linaloifuata ngoma. Kila jembe linakutana na ngoma mahali ambapo wote wawili walikwisha kupakisia.

Wataalamu wamelithibitisha jambo hili kwa mashine zinazopiga picha za ubongo unavyofanya kazi. Mwaka 2007 Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha kwamba mtu anaposikiliza mapigo yenye mwendo unaoeleweka, sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo wa viungo huamka, hata kama mtu mwenyewe amelala kimya bila kutikisa kidole. Kwa maneno mengine, msikilizaji aliyeketi anacheza kwa ndani. Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Canada, walionyesha kwamba dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na furaha, humwagika pale wimbo unapofika kileleni, lakini pia sekunde chache kabla, msikilizaji anapokitarajia kilele hicho. Utamu wa muziki, basi, umegawanyika: upo utamu wa kupata na upo utamu wa kungojea.

Hapo ndipo fundi wa jazi anapojipatia kazi. Anajua kwamba unakisia, naye anacheza na makisio yako. Pigo ulilolitazamia analitanguliza kidogo, au analichelewesha, au analiruka kabisa na kukuachia shimo ulijaze mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioongozwa na Maria Witek, ulionyesha kwamba mapigo yanayoanguka mahali pasipotarajiwa yakiwa machache mno mtu hachangamki, na yakiwa mengi mno hupotea njia. Yakiwa ya kiasi ndipo mwili unapotaka kuinuka. Mpiga tumba wa bendi zetu anakijua kiasi hicho bila kusoma utafiti wowote. Lakini kukijua kwake hakukutoka hewani.

Sasa nije kwenye damu. Kama muziki ungekuwa damuni, mtoto angezaliwa na wa kwao na kuwa kiziwi kwa wa wengine. Erin Hannon na Sandra Trehub walilichunguza jambo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waliwachukua watoto wachanga wa Amerika ya Kaskazini wakawasikilizisha nyimbo za aina mbili: za mapigo mepesi waliyoyazoea wazazi wao, na za mapigo ya kupinda yanayotumika katika nchi za Balkani. Watoto wa miezi 6 waligundua kosa lilipoingizwa katika nyimbo za aina zote mbili. Watoto wa miezi 12 waliligundua vizuri katika zile za kwao tu, kama wazazi wao. Lakini watoto hao wa miezi 12 waliposikilizishwa muziki wa Balkani nyumbani kwa majuma mawili, uwezo wao ulirudi. Watu wazima walipofanyiwa vivyo hivyo, haukuwarudia kwa kiasi hicho.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe maana yake. Mtoto anazaliwa na sikio lililo wazi kwa dunia nzima. Kisha mgongo wa mama, kinu, jembe, ngoma ya jirani na redio ya duka ndivyo vinavyolichonga sikio hilo hadi likawa la Kisukuma, la Kizaramo au la Kiingereza. Mtoto wa Songwa anayejua kufuata ngoma mbili kwa mpigo hakurithi ujuzi huo katika damu. Amefundishwa maelfu ya saa na watu ambao hawakujiita walimu wala hawakulipwa mshahara. Mtu anaposema ni damu, anawanyang'anya watu hao kazi yao. Na anapomsifu mpigaji kwa damu yake anamwibia pia yule mpigaji, kwa sababu damu haitoi jasho.

Niliwahi kuambiwa: basi ni kipaji cha Mungu. Sikatai kwamba Mungu hugawa mbegu. Lakini sijapata kuona shamba lililopaliliwa na Mungu huku mwenyewe akiwa amelala. Mwaka 1995 Thomas Elbert na wenzake walipima ubongo wa watu wapigao ala za nyuzi, wakakuta kwamba sehemu ya ubongo inayopokea habari za vidole vya mkono wa kushoto, vile vinavyokimbia juu ya nyuzi, ni kubwa kuliko ya watu wasiopiga, na ukubwa huo huzidi kwa wale walioanza wakiwa wadogo. Kazi ndiyo iliyoupanua ubongo. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aliyepanda hadi kuwa mpiga solo wa kutajika wa Morogoro Jazz, aliyekwenda na bendi hiyo kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970 na kufariki mwaka 1979, hakuvipata vidole vile kwa kuzaliwa. Vidole huzaliwa kumi kwa kila mtu.

Sasa tuingie katika kiini, yaani huko kutunga papo kwa papo mbele ya watu. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun walichapisha utafiti juu ya wapiga piano 6 wa jazi. Waliwalaza mmoja mmoja ndani ya ile mashine ya sumaku, wakiwa na kinanda kidogo kisicho na chuma, wakawaambia wapige kwanza wimbo waliokwisha kuukariri, kisha wapige kwa kujitungia juu ya muziki uleule wa kusindikiza. Zile sehemu za pembeni mwa ubongo wa mbele, ambazo humsaidia mtu kujichunga, kujisahihisha na kupanga hatua kwa hatua, zilipungua kazi. Sehemu ya katikati ya ubongo wa mbele, inayohusika na mtu kujieleza nafsi yake, iliongeza kazi, na sehemu za kusikia na za kuongoza mikono nazo ziliamka zaidi.

Najua wapo watakaorukia hapo na kusema: unaona! Mpiga jazi huzima akili! Hapana. Asome tena. Kilichopunguzwa ni mlinzi wa mlangoni anayemwuliza kila apitaye hati yake. Nyumba yenyewe imejaa watu kazini. Isitoshe, mwaka 2014 watafiti wa Stockholm, Sweden, wakiongozwa na Ana Pinho, walichunguza wapiga piano 39, wakakuta kwamba waliofanya mazoezi mengi ya kutunga papo kwa papo, ubongo wao wa mbele ulitumia nguvu kidogo zaidi, lakini sehemu zake ziliunganika vizuri zaidi wakati wa kutunga. Yaani mlinzi anaondoka mlangoni baada ya miaka ya kuhakikisha kwamba wote waliomo ndani ni watu wa kuaminika. Mtu asiyejua kupiga akimwondoa mlinzi, kinachotoka ni kelele. Mtoto huanza kuongea kwa kukosea na kurekebishwa. Mzee hasimami katikati ya sentensi kutafuta ngeli. Je, mzee huyo amezima akili?

Na mfano huo wa maneno si pambo. Mwaka 2014 Limb na wenzake walirudi na wapiga piano 11, safari hii wakiwapigisha kwa kujibizana, kila mmoja akipiga kipande kifupi na mwenzake akimjibu, kama desturi ya jazi ilivyo. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na upangaji wa sentensi zilifanya kazi kwa nguvu. Zile zinazoshughulika na maana ya maneno zilipungua. Kwa ubongo, basi, kujibizana kwa ala ni mazungumzo yenye sarufi yake, ingawa hayana kamusi. Sisi Wasukuma hatuhitaji kushangaa. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, wameshindana tangu enzi za babu zetu, na manju wa upande mmoja asiyeweza kutunga jibu papo hapo hupoteza watazamaji wake, wakahamia upande wa pili. Huko ndiko kujibizana, na nani atathubutu kusema manju wetu hana akili?

Wamo waliothubutu. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Katika shule mojawapo, ambayo sitaitaja, mwalimu mwenzangu alikuwa akifundisha darasa la tano hesabu za sehemu, namna ya kujumlisha nusu na theluthi. Mtoto mmoja aliyekaa nyuma alikuwa akipiga dawati kwa vidole: mkono wa kulia mapigo matatu, wa kushoto mawili, yote yakianza na kumalizika pamoja. Alichapwa viboko vinne, na mbele ya darasa zima akaambiwa kichwa chake kimejaa ngoma badala ya akili. Nilimwuliza mwenzangu baadaye ofisini: ili mapigo mawili na matatu yakutane, unahitaji kuugawa muda katika sehemu ngapi? Akanyamaza. Ni sita, na sita ndiyo asili ileile aliyokuwa akiiandika ubaoni. Mtoto alikuwa amekwisha kulipata jibu mikononi wakati wenzake wakilitafuta kwa chaki. Ilitosha kumwita mbele, kumpa dawati, na kuwaambia wenzake wahesabu. Badala yake shule ilimfundisha kwamba alicho nacho si akili. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kama wengi wa rika lake. Sidharau uchimbaji, ni kazi ya watu mashujaa. Nalalamika kwamba aliondoka akiamini yeye ni mjinga.

Hili ndilo linaloniumiza, na ndiyo sababu nasema neno la damu na neno la uhuni ni ndugu. Mwenye kuamini damu hatajenga darasa la muziki, kwa sababu hakuna haja ya kufundisha kilichozaliwa. Mwenye kuamini uhuni hatalijenga pia, kwa sababu nani atafundisha uhuni? Kwa hiyo wote wawili wanatufikisha mahali pamoja: shule za vijijini ninazozijua mimi hazina ngoma hata moja iliyonunuliwa kwa ajili ya kusomea, na gitaa huonekana siku ya wageni rasmi, tena limekodiwa.

Wapo wenye hoja ya kweli, nami nitaijibu. Wanasema: Songwa ina shida ya maji, mvua haina uhakika, pamba bei yake hupanda na kushuka, na wewe unatuletea habari za jazi? Nawajibu kwamba babu zetu walilima kwa ngoma, tena katika miaka ya njaa. Hawakuiona ngoma kuwa anasa ya baada ya shibe. Ilikuwa chombo cha kazi kama jembe lenyewe, kwa sababu watu wanaokisia pamoja hulima pamoja. Wengine wanasema: wapiga piano 6 ni wachache, huwezi kusimamisha hoja juu yao. Ni wachache kweli, na mimi sikuisimamisha juu yao peke yao. Niliisimamisha kwanza juu ya kinu na jembe; mashine zilikuja baadaye kutuambia kwa picha yale ambayo mikono ilikwisha kuyaonyesha.

Na wapo wanaosema wanamuziki wenyewe ndio wanaojiharibia jina kwa ulevi na madeni. Wapo walevi, sibishi. Wapo pia waganga walevi na mahakimu walevi, na hakuna aliyesema kwa ajili yao kwamba uganga au sheria haihitaji kichwa.

Nadai nini basi? Sidai mambo makubwa. Mwalimu anayefundisha sehemu na vigawe aruhusiwe kuleta ngoma mbili darasani, na asionekane kichaa. Wazee wanaojua bugobogobo na ngoma za Bagika na Bagalu waitwe shuleni kama wataalamu, wakaribishwe chai na kulipwa nauli kama anavyolipwa mkaguzi. Kanda zilizorekodiwa na redio ya taifa tangu enzi za bendi zetu za Jazz zisikilizishwe watoto, wafundishwe kumfuata mpiga solo hatua kwa hatua, waone anapoiacha njia na anapoirudia. Na sisi wazazi, mtoto anapogonga meza kwa vidole, kabla hatujainua mkono tumsikilize kwanza anagonga nini.

Na yule mgeni atakayekuja tena kutusifu kwamba muziki umo damuni mwetu, nitamkaribisha kigoda, nimpe maziwa, halafu nitamkabidhi mchi na kumwomba aingie kinuni pamoja na akina mama wawili. Akishindwa, asiseme ni kwa sababu ya damu yake. Aseme hakufundishwa, akae ajifunze. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.